Droni ya polisi hairuhusiwi kuona kila kitu

Utasikia watu wakisema anga haina mwenyewe, kwa hiyo polisi wakirusha droni wanaweza kumrekodi yeyote. Nchini Ufaransa hoja hiyo iligonga mwamba.

Mwaka 2020, wakati wa korona, polisi wa Paris walirusha droni kusaka mikusanyiko. Walijitetea kwamba zinaruka mita 80 hadi 100 juu, kamera haivuti picha karibu, wala ndani hamna kadi ya kumbukumbu. Utetezi mtamu masikioni. Lakini tarehe 18 Mei Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala, ilitazama kifaa chenyewe, si ahadi. Lenzi iliweza kuvuta karibu, na droni ingeweza kushuka chini zaidi. Mtu angetambulika, na hakukuwa na kanuni iliyoruhusu jambo hilo. Ikaamuru zoezi lisimame mara moja.

Wengine nao hukosea upande wa pili, wakidhani marufuku ile ingalipo. Sheria ya Januari 2022 ilizirudisha droni, ila kwa masharti: kibali cha maandishi chenye sababu, sauti isirekodiwe, nyuso zisitambuliwe kwa kompyuta, rekodi zisikae zaidi ya siku 7 isipokuwa zinahitajika kwenye kesi. Na kamera ikinasa sebule ya mtu? Kurekodi hukatizwa papo hapo. Ikishindikana, picha hizo zifutwe ndani ya saa 48, labda kama kuna jambo la kupelekwa kwa mwendesha mashtaka.