Jengo la Kihistoria Likifungwa kwa Sababu ya Janga: Kazi Inayobaki Ndani

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, hifadhi nyingi za taifa nchini Marekani zilifunga majengo yake ya kihistoria huku njia za kutembelea kwa miguu zikiachwa wazi. Sababu ni hewa. Msituni pumzi ya mtu husambaa na kupotea, lakini katika chumba cha zamani chenye mlango mmoja na madirisha yaliyogandishwa na rangi, hubaki palepale ikimsubiri anayefuata.

Sanamu ya Uhuru mjini New York inaonyesha hili waziwazi. Ilifungwa Machi 16, 2020. Kisiwa kilipokea wageni tena Julai 20 mwaka huohuo, lakini taji la sanamu lilisubiri hadi Oktoba 11, 2022. Kutoka kwenye msingi wa sanamu hadi kwenye taji kuna vidato 162 vya ngazi nyembamba ya mzunguko, na mahali kama hapo watu hawawezi kupishana kwa umbali wowote wa maana. Mnara wa Washington nao, wenye urefu wa mita 169 hivi, unategemea lifti. Idadi ya wageni huamuliwa na kile kisanduku kidogo, hata uwanja wa nje uwe mpana kiasi gani.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mlango ukishafungwa kazi imekwisha. Jengo tupu huharibika kimyakimya, na maji ndiyo huanza.

Maji yakituama kwenye mabomba, klorini iliyomo hupungua na bakteria wa Legionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hupata nafasi, hasa kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi. Huambukiza kwa kuvutwa pamoja na mvuke au matone madogo sana. Kwa hiyo mara moja kwa wiki fungua bomba moja baada ya jingine, ukianzia lile lililo karibu na mahali maji yanapoingilia jengoni. Maji baridi yatiririke hadi ubaridi wake usibadilike tena, kisha maji ya moto hadi yafikie joto lake la juu. Bafuni, toa kichwa cha bomba la mvua au kifunge kwa mfuko ili kuzuia matone kuruka. Tangi la maji ya moto libaki kwenye nyuzi 60, na onyo la kuungua libandikwe kwenye mabomba. Chemchemi za mapambo zikaushwe kabisa.

Ikiwa hakuna atakayetumia maji kwa miezi, ni afadhali kufunga valvu kuu na kumwaga maji yote, kwa sababu bomba likipasuka Ijumaa jioni huenda lisigunduliwe hadi dari ishuke. Lakini kwanza hakikisha mfumo wa kuzima moto haupati maji kupitia valvu hiyohiyo. Mashimo ya maji machafu sakafuni nayo hukauka, yakapitisha harufu na mende. Mimina lita moja ya maji katika kila shimo, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yakawie kukauka.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60. Ukivuka 65 na kukaa hapo, kuvu huanza kuota nyuma ya picha na ndani ya makabati. Ukishuka mno, mbao hupasuka. Usizime kiyoyozi kabisa ili kuokoa umeme bila kuacha kipima unyevu ndani. Samani zisogezwe sentimita kadhaa kutoka ukuta wa nje, droo ziachwe wazi kidogo, na vifuniko viwe vya pamba. Nailoni hunasa unyevu.

Ukaguzi ufanywe angalau mara mbili kwa wiki, na tena baada ya mvua kubwa. Anzia darini ukishuka chini. Mitego ya gundi iwekwe kwenye kona za milango na iandikwe tarehe. Nondo na wadudu wa mazulia hupenda mahali penye giza pasipofagiwa.

Juu ya dawa za kuua virusi, tahadhari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Dawa ya klorini huacha chumvi ndani ya mawe na matofali. Chumvi hiyo ikiganda hubandua uso wa ukuta, hata miezi baadaye. Pia hula chuma. Spiriti ya asilimia 70 huyeyusha vanishi ya shelaki. Kupulizia dawa chumba kizima ni kuharibu kila kitu kwa pamoja, na taa za miale ya urujuanimno hufifisha vitambaa na karatasi.

Dawa salama kuliko zote ni muda. Vipimo vya maabara vya 2020 vilikuta virusi hai kwenye plastiki hadi saa 72, kwenye boksi la karatasi hadi saa 24, na kwenye shaba hadi saa 4. Chumba kilichofungwa wiki nzima hakihitaji kupakwa chochote. Kinachoguswa kila siku, kama vitasa, kifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo, kisha kikaushwe. Milango ya ndani iachwe wazi ili isiguswe. Vitakasa mikono viwekwe nje, hatua kadhaa kabla ya mlango, kwani matone yake hutia madoa sakafu ya mbao.

Wakati wa kufungua, usihesabu wageni kwa ukubwa wa jengo zima. Pima mahali pembamba kuliko pote, iwe ngazi au ujia, na idadi itokane na hapo. Njia iwe ya kwenda upande mmoja. Kabla ya kuinua dirisha la zamani, kagua kamba zake za uzani, zile zinazoishikilia fremu ikiwa juu, kwani zikiwa zimeoza fremu huanguka ghafla na kuvunja vioo au vidole. Weka wavu wa wadudu, na madirisha yafungwe kabla ya jioni, unyevu wa nje unapoanza kupanda.