Stima ya Jua Kutoka Angani: Maswali ya Afya Kutoka Kisumu, Nakuru na Mlima Elgon

Habari kwamba nchi kubwa zinataka kuweka mitambo ya sola angani na kutuma stima ardhini zimezagaa kwenye simu zetu, na kwenye mabaraza ya afya watu wanauliza kwa hofu ya kweli. Nimeyachukua maswali yanayorudi mara kwa mara.

Hiyo stima ya angani imeshaanza kutumika? (Mzee wa Ahero)

Bado, mzee wangu. Wazo lilitolewa mwaka 1968 na mhandisi Peter Glaser wa Marekani: setilaiti kubwa yenye paneli za sola ikae kilomita 35,786 juu ya ikweta, mahali ambapo mawingu hayafiki na giza ni la nadra. Igeuze mwanga wa jua kuwa mawimbi ya maikrowevu, iyaelekeze kwenye uwanja mpana wa antena, na antena ziyageuze kuwa stima. Hadi leo ni majaribio tu. Mwaka 2023 chombo cha chuo cha Caltech kilituma ishara dhaifu kutoka angani, ikanaswa juu ya paa la jengo la chuo hicho huko California. Hakuna nyumba popote duniani inayowashwa taa kwa njia hii.

Maikrowevu si ndiyo yanayopasha chakula? Tukiwa shambani si tutaungua? (Mama wa Nyalenda, Kisumu)

Ni ya jamii hiyohiyo, mama, na una haki ya kuuliza. Madhara yake yaliyothibitishwa ni joto, kwa hiyo cha kuangalia ni kiasi gani kinamfikia mtu. Katika mchoro uliotayarishwa Marekani miaka ya 1970, mawimbi yangefikia wati 230 kwa kila mita mraba katikati ya uwanja wa antena na takriban wati 10 ukingoni. Jua la saa sita mchana Kisumu, anga ikiwa wazi, hufikia karibu wati 1,000.

Wahandisi hupenda kutuliza watu kwa hesabu hiyo ya jua. Ni ya kweli ila haijakamilika. Joto la jua huishia kwenye ngozi, nawe unalihisi na kukimbilia kivulini. Maikrowevu ya aina hii huzama sentimita moja au mbili mwilini, kwa hiyo ngozi inaweza kuchelewa kukuonya. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza, na joto kali huweza kuleta mtoto wa jicho. Korodani nazo hazivumilii joto. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa kwa wananchi, wakiwemo wajawazito na watoto, ni wati 10 kwa mita mraba mwili mzima, wala si 230. Uwanja kama huo ni lazima uzungushiwe ua, na anayeingia ndani awe na kibali na vifaa vya kujikinga.

Mwale nao, yaani mawimbi hayo yanayotumwa kutoka angani, unaongozwa na ishara inayotoka ardhini. Ishara ikikatika, mwale hutawanyika na kupoteza nguvu.

Yanaleta saratani? (Kijana wa Nakuru)

Hayafanani na eksirei, kwani hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi. Hata hivyo, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwepo ulikuwa mdogo. Halikusema yanaisababisha. Mtu akikuuzia stika ya kuzuia mionzi, mwache aende zake.

Na nyuki wangu? (Mfugaji wa Kapsokwony)

Nyuki walipimwa Marekani kwa mawimbi ya aina hii, kwa dakika 30, wengine kwa nguvu iliyozidi ile ya katikati ya mwale. Waliruka na kurudi mzingani kama kawaida. Lakini dakika 30 si maisha ya mzinga, na flamingo wanaohama kati ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria hawakuwemo kwenye jaribio hilo. Uwanja ukija kupendekezwa Bonde la Ufa, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza.

Basi hatari ya miaka mingi iko wapi?

Kwa maoni yangu iko kwenye roketi kuliko kwenye mwale. Ripoti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba mtambo mmoja mkubwa ungehitaji maelfu ya safari za roketi, na stima yake ingegharimu mara 12 hadi 80 ya ile ya upepo na sola za ardhini.

Roketi zinazochoma mafuta ya jamii ya mafuta taa huacha masizi juu sana, kuliko mahali mvua inapotengenezwa. Masizi ya jikoni mvua huyaosha. Yale ya roketi hukaa huko miaka, yakilipasha joto tabaka lenye ozoni, hewa inayotukinga na miale mikali ya jua. Setilaiti kuukuu zikiungua zikirudi, huacha vumbi la alumini. Mwaka 2023 wanasayansi wa Marekani waliripoti kwamba takriban asilimia 10 ya chembe kubwa za asidi walizopima katika tabaka hilo zilikuwa na alumini na metali nyingine kutoka vyombo vya angani.

Ozoni ikipungua, miale mikali ya jua huongezeka, na pamoja nayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Wa kwanza kuumia watakuwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao hata sasa kupata mafuta ya kujikinga na jua ni shida.

Vyuma vikidondoka kama kule Makueni?

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni. Hakuna aliyeumia. Ukikuta kitu kama hicho usikiguse, usikivute nyumbani wala kukiuza kama chuma chakavu, maana huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Waondoe watoto, piga simu polisi.

Tusubiri stima hiyo ndipo tuache kuni?

Hapana, tafadhali! Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Fungua dirisha, kausha kuni vizuri, tafuta jiko la gesi au la stima ukiweza. Kwa stima tayari tuna mvuke wa Olkaria, uliomo humuhumu kaunti ya Nakuru, na jua linalopiga mabati yetu kila siku. Ukiwa na sola nyumbani, cha kuangalia zaidi ni betri ya tindikali. Usiiweke chini ya kitanda cha watoto. Ikifa usiipasue wala kuimwaga shambani. Irudishe ulikoinunua, kwa sababu madini ya risasi yaliyo ndani yake huharibu ubongo wa mtoto.