Mkaa mbadala: mashine haiokoi chenga mbaya

Wengi wanaoanza kutengeneza mkaa mbadala Moshi na Arusha hununua mashine kwanza, taka za shambani za kugeuzwa chenga (mkaa uliopondwa) na kushindiliwa hutafutwa baadaye. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Haya ni maneno yanayowapotosha, kila moja na jibu lake.

"Mashine nzuri ndiyo inayotoa mkaa mzuri." Mashine hushindilia tu. Joto na majivu vimeshaamuliwa na ulichokiweka ndani. Kwa kilo 10 za majaribio, kipande cha bomba na mti wa kushindilia vinatosha.

"Taka ni taka, zote zinawaka." Magunzi ya mahindi yana majivu machache, asilimia 1 hadi 3. Pumba za mpunga, zile zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa za Chekereni na Mabogini, zina majivu kama moja ya tano ya uzito, na mengi ni silika, madini kama ya mchanga. Ukizigeuza mkaa majivu hayo hayapotei. Yanaweza kukaribia nusu ya uzito wa chenga. Jiko linazibwa na majivu na maharage bado magumu. Ukitaka kuzitumia, changanya sehemu moja ya chenga za pumba na tatu za magunzi. Kahawa nayo inachanganya watu: maganda makavu ya kiwanda cha kukoboa yanafaa sana, lakini yale mabichi ya mashine ya kumenyea ni maji kwa sehemu kubwa. Hayo yaachie migomba.

"Choma tu mpaka yawe meusi." Kazi si kuchoma, ni kuyanyima hewa kwa wakati wake. Toboa matundu chini ya pipa la lita 200, liinue juu ya mawe matatu, jaza magunzi makavu, washa. Moshi mzito mweupe ni mvuke na gesi zinazotoka. Ukiwa mwembamba na kuanza kuwa wa buluu, toa mawe, funika, ziba kingo zote kwa udongo mbichi, acha hadi kesho yake. Anayefungua mapema huingiza hewa, moto unafufuka, anabaki na majivu. Kilo 10 za magunzi makavu hutoa kilo 2 hadi 3 za mkaa. Piga hesabu ya usafiri kwa kiwango hicho, si kwa magunia uliyopakia.

"Uji mwingi, mkaa mgumu." Uji ndio gundi ya chenga. Ukizidi, mkaa mgumu utakuwa, ila utafuka moshi na kuota ukungu stoo. Kwa kilo 10 za chenga zilizochekechwa, gramu 500 za unga wa muhogo zinatosha. Koroga unga na lita 1 ya maji baridi, mimina kwenye lita 4 zinazochemka, koroga hadi uji uwe mzito na wa kung'aa. Unga usiopikwa haushiki kitu. Kanda, kisha finya donge mkononi: lishikane bila kuchuruza maji. Wengine huongeza udongo wa mfinyanzi kwa sababu ni wa bure. Zaidi ya kilo 1 kwa hizo 10, unauza majivu.

"Nje umekauka, uko tayari." Ganda hukauka kwanza na kufungia maji ndani. Siku ya kwanza uweke kivulini penye upepo, kwani jua kali la ghafla huupasua. Kisha uanike juani juu ya chekeche la waya siku 3 hadi 5. Wakati wa masika, au mawingu ya Juni na Julai, muda huo hautoshi. Pima kipande kimoja kila siku kwenye mizani ya dukani: uzito ukiacha kupungua, umekauka.

"Hautoi moshi, basi ni salama chumbani." Hii inaua. Mkaa wowote, uwe wa mti au wa magunzi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Baridi ya Arusha ya Julai hushawishi watu kuingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Washa nje, pikia penye hewa inayopita, usilale nalo. Mtu akilalamika kichwa kinauma, ana kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje kwanza na kumpeleka hospitali, sufuria itasubiri.