Bitiboksi si jina la kila ngoma ya mdomo

Juzi redioni mtangazaji aliisifia kwaya moja inayoimba bila ala, akamwita yule wa besi anayetoa mapigo kwa midomo "bitiboksa wa Bwana". Hapo nilicheka tu. Kisha akaongeza kwamba bitiboksi wala si ya Wamarekani, Wahindi wameipiga tangu enzi na enzi. Hilo la pili nimelisikia mara nyingi mno, na watu wanaolisema huwa hawana hata chembe ya wasiwasi.

Maana kwanza. Kutoa mapigo kwa midomo, ulimi, koo na pumzi, bila kugusa ala, ni ngoma ya mdomo. Hilo ndilo jina la ukoo. Bitiboksi ni mtoto mmojawapo, konnakol ya India Kusini ni mwingine, na kazi ya yule bwana wa kwaya, ambaye kashika tu nafasi ya mpiga ngoma katikati ya waimbaji, ni ya tatu.

Bitiboksi ilikulia New York miaka ya 1980, na ilianza kwa kuiga mashine. Jina lenyewe lilikuwa la mashine: kile kisanduku cha umeme kinachotoa mapigo ya ngoma, kama Roland TR-808 iliyotoka mwaka 1980 kwa bei ya zaidi ya dola 1,000. Doug E. Fresh wa Harlem na Darren Robinson wa Fat Boys, kundi la Brooklyn, wakajulikana kama bitiboksi-binadamu. Baadaye "binadamu" likadondoka, likabaki jina la kisanduku. (Nani kati yao alitangulia? Wapenzi wa hip hop wanaweza kukesha kwa hilo, mimi simo.) Ndiyo maana hata leo bitiboksa anasifiwa sikio linapodanganyika: besi iwe nzito kama ya spika, "ts" ikatike kama imekatwa kwa wembe. Rahzel, bitiboksa aliyekuwa na kundi la The Roots, alifika mahali pa kuimba maneno huku mapigo yakiendelea chini yake, ukatafuta mtu wa pili usimwone.

Kinachofanyika kinywani ni kigumu kuliko kinavyosikika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha picha za MRI, zile zinazoonyesha ndani ya mwili, za bitiboksa akiwa kazini. Jamaa anazungumza Kiingereza na Kihispania, lakini mdomo wake ulikuwa ukitoa sauti ambazo lugha zote mbili hazina: za kufunga koo na kufyatua hewa, za kuvuta hewa ndani, za kualika ulimi. Wasandawe na Wahadzabe wa Tanzania wanaalika ulimi na kufyatua koo kila siku, tena wakiomba maji tu. Na wewe msomaji, sema "baba" polepole, kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nacho. Koromeo linashuka, na hewa inavutwa ndani kidogo kabla ya irabu. Mwanafunzi wa kigeni husumbuka sana kuipata b hiyo.

Sasa konnakol. Hii ni sanaa ya muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa India Kusini, na silabi zake huitwa solkattu: takadimi kwa nne, takita kwa tatu, takatakita kwa tano. Piga makofi manne kwa mwendo sawa, kila kofi liwe na silabi nne: takadimi, takadimi, takadimi, takadimi. Rahisi. Rudia makofi yale yale, kasi ile ile ya silabi, ila sema takita mfululizo. Kofi la kwanza litaangukia "ta" ya mwanzo, la pili "ki", la tatu "ta" ya mwisho, na la nne litakuwa limerudi kwenye "ta" ya mwanzo. Ukiweza hapo bila mkono kuyumba, umegusa mlango tu.

Angalia kilichokosekana: hakuna aliyejaribu kusikika kama ngoma. "Takadimi" inatamkwa wazi, kama maneno, kwa sababu silabi ni hesabu na ni lugha ya kufundishia. Mwanafunzi wa mridangam, ngoma ya muziki huo, huanza kwa kutamka huku mkono ukihesabu tala, yaani mzunguko wa mapigo, ndipo vidole vitafute ngozini kile ambacho ulimi umeshakijua. Kuiita bitiboksi ya kale ni kusema ulimi huo unaiga ngoma, wakati ngoma ndiyo inayoufuata.

Hata pwani yetu tusingehitaji kwenda India kuliona hili. Kwenye halaka, yaani duara, za dhikri za Qadiriyya, tarika ya Kisufi, pumzi za watu zikivutwa na kuachiwa kwa pamoja hubeba mdundo mzima. Hakuna kinachoigwa pale. Wenyewe hata muziki hawaiiti.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, yule wa kwaya mwache na sifa zake, ingawa "mpiga ngoma wa mdomo" lingemkaa vizuri zaidi, hasa kama hajawahi kuiga mashine yoyote maishani mwake. Siku ukimpata studioni mtaalamu wa Karnatiki, sema konnakol. Ni silabi tatu tu, na msikilizaji asiyeijua atauliza.