Virusi vimeondoka, mbona kichwa bado kizito? Maswali na majibu kuhusu kumbukumbu baada ya UVIKO-19

Nilipona miezi mitano iliyopita lakini nasahausahau, na kazi ya saa moja inanichukua tatu. Ni UVIKO au ni mimi tu?

Inawezekana kabisa ni UVIKO. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hii: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 baada ya mtu kuugua, zimedumu walau miezi 2, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kuishiwa pumzi na matatizo ya kufikiri vimetajwa miongoni mwa dalili za kawaida. Kwa hiyo si uvivu, wala hujazeeka ghafla. Ila usiyapite haraka yale maneno "hazielezeki kwa ugonjwa mwingine". Tutayarudia kwenye vipimo.

Huo unaoitwa ukungu wa ubongo unakuwaje hasa?

Mtu anasoma aya moja mara tatu na bado hajui imesema nini. Akizungumza na mtu mmoja yuko sawa, lakini wakifika watano na redio inaongea, anapotea. Neno analolijua tangu utotoni linagoma kutoka.

Wengi husema "nimepoteza kumbukumbu", lakini mara nyingi kinachoyumba kwanza ni umakini na kasi ya kufikiri. Jambo ambalo halikuingia vizuri haliwezi kukumbukwa baadaye, hata kama sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ni nzima. Kuna kipimo cha karatasi kinachoonyesha hili vizuri. Unapewa viduara vyenye namba na herufi vilivyotawanyika, unavuta mstari kutoka 1 kwenda A, kisha 2, kisha B, kisha 3, hivyo hivyo hadi mwisho, huku saa inahesabu. Hakuna ugumu wa elimu hapo. Kazi ni kushika orodha mbili kichwani kwa pamoja na kurukaruka kati yake. Mwenye ukungu kwa kawaida humaliza, tena bila makosa mengi, ila polepole, na akimaliza anataka kulala.

Kuna ushahidi, au ni hofu tu?

Upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2022 uchunguzi wa picha za ubongo za watu 785 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 51 hadi 81. Uzito wake ni kwamba kila mtu alipigwa picha mara mbili, na 401 kati yao waliambukizwa katikati ya picha hizo, hivyo ubongo wa mtu ulilinganishwa na ubongo wake mwenyewe wa zamani. Walioambukizwa walionekana kupungukiwa zaidi katika maeneo yanayohusiana na kunusa na kumbukumbu, kwa tofauti ya wastani ya kati ya asilimia 0.2 na 2. Wengi wao hawakuwahi kulazwa.

Uchunguzi mwingine, uliotoka mwaka 2024, uliwapa zaidi ya watu 110,000 wa England mitihani ya kufikiri kwa njia ya mtandao. Ukilinganisha na wasioambukizwa, waliougua na kupona walikuwa chini kwa kiasi kinacholingana na pointi 3 za IQ, yaani kipimo cha uwezo wa akili, ambao dalili ziliendelea pointi 6, na waliowahi kuwa chumba cha wagonjwa mahututi pointi 9. Pointi 3 ni wastani mdogo. Mtu mmoja mmoja anaweza asizione kamwe. Sita kwa mtu anayeishi kwa mahesabu ni habari nyingine. Na kuna tokeo moja ambalo kwa maoni yangu lilistahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi: waliougua muda mrefu lakini dalili zikaja kuisha walifanya karibu sawa na waliopona mapema.

Virusi vya njia ya hewa vinafikaje kichwani?

Mara nyingi havihitaji kufika. Ubongo una seli zake za ulinzi, mikroglia, ambazo siku za kawaida husafisha taka na kutunza maungio ya neva. Kinga ya mwili inapopigana mapafuni humwaga kemikali kwenye damu, na ujumbe wake hufika hadi kwa mikroglia. Zikichachamaa, zinaweza kuharibu zile zile sehemu zilizopaswa kuzitunza. Katika panya walioambukizwa njia ya hewa tu, tena ugonjwa mwepesi, virusi havikuonekana kwenye ubongo. Hata hivyo mikroglia zilichachamaa, seli mpya za hipokampasi, sehemu inayopokea kumbukumbu mpya, zikapungua, na ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva ukalika. Utando huo ukilika, mawasiliano ya neva hupungua kasi. Inafanana sana na malalamiko ya wagonjwa.

Si njia pekee. Watafiti wanachunguza pia mabonge madogo ya damu, kuta za mishipa ya ubongo zinazovuja, na mabaki ya virusi yanayokaa mwilini. Na aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia ana sababu za ziada: kukosa oksijeni, dawa za usingizi, na siku za kuweweseka.

Ni virusi vya korona tu vinavyofanya hivi?

La. Virusi vya hepesi vikivamia ubongo hupenda maeneo ya kumbukumbu, na asipopewa mapema asaiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, mgonjwa hufa au hubaki na usahaulifu mzito. VVU visipotibiwa huathiri kufikiri. Dawa za ARV zimeifanya hali ile mbaya zaidi kuwa adimu. Surua inaweza kurudi kuharibu ubongo miaka 7 hadi 10 baadaye, japo ni nadra. Uzito wa kichwa baada ya homa za virusi ulijulikana zamani. UVIKO uliufanya uonekane kwa watu wengi kwa mpigo.

Nitaishia kwenye demensia?

Kwa kijana au mtu wa makamo, kwa kawaida ukungu hauendi njia hiyo. Demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, huzidi taratibu, na mara nyingi ndugu hugundua kabla ya mwenyewe. Ukungu hupanda na kushuka, una siku nzuri na mbaya, na mwenyewe ndiye anayelalamika. Wengi hupata nafuu, ingawa hesabu yake ni ya miezi. Mzee anayezidi kupotea apelekwe kuchunguzwa, asisubirishwe kwa kisingizio cha UVIKO.

Nikapime nini?

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ukungu, na picha ya ubongo ya MRI ya mgonjwa wa kawaida mara nyingi hutoka safi, kwa sababu tofauti zile za Oxford zilionekana kwenye wastani wa mamia ya watu. Vipimo ni vya kutafuta yanayofanana nao na yanayotibika: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya thairoidi, vitamini B12. Mtajie daktari dawa zote unazotumia. Dawa za mzio zinazoleta usingizi na vidonge vya kulala huleta uzito huo huo, na watu wengi wakausingizia UVIKO. Mwambie kama unakoroma na pumzi hukatika usiku. Sonona nayo huzitia akili uzito, na kuulizwa habari zake si kuambiwa unajifanya.

Nini kinasaidia?

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa, hivyo vidonge vya "kuongeza akili" vinavyotangazwa mitandaoni viache. Kinachosaidia ni kuishi ndani ya kiasi cha nguvu ulizonazo. Weka kazi ngumu kwenye saa yako nzuri. Fanya jambo moja kwa wakati mmoja, simu ikiwa mbali, na uandike kila kitu, kwani daftari halichoki. Pumzika kabla hujachoka. Kupitia picha kwenye simu si kupumzika.

Chunguza pia siku ya pili. Kuna wanaojikaza leo, kwa mwili au kwa akili, halafu kesho au keshokutwa wanaanguka kabisa. Ukiwa miongoni mwao, ushauri wa "jikaze, fanya mazoezi utazoea" utakuumiza. Kwa wasioanguka hivyo, kuongeza mazoezi kidogo kidogo kunafaa. Kazini omba kurudi kwa saa chache kwanza. Chanjo hupunguza uwezekano wa dalili za muda mrefu.

Lini nisisubiri?

Kuchanganyikiwa kwa ghafla, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama ghafla, degedege, au kichwa kuuma vibaya pamoja na homa na shingo kukaza: hospitali saa hiyo hiyo.

Naweza kuendesha gari?

Ikiwa umewahi kupita taa nyekundu bila kuiona, au umefika usijue umepitaje, acha usukani kwanza na umweleze daktari. Wengine wanamudu safari fupi za asubuhi. Usiku na kwenye msongamano wa magari waachie wengine.