Nani kawadanganya kuwa chungu wa damu moja wataisha wenyewe?

Juzi tena mkulima wa minazi kaniambia, "mtaalamu, hawa chungu vichwa vikubwa walikuja wachache tu na miche, si watapandana ndugu kwa ndugu wadhoofike wafe?" Jamani nimechoka. Hiyo ni hesabu ya mbuzi, beberu ukimwacha na wanawe zizi linaharibika kweli, lakini wadudu wa koloni ni habari nyingine kabisa.

Angalia mavu wa Asia waliogunduliwa Ufaransa 2004. Walivyopimwa DNA ikaonekana wote pengine wametokana na malkia mmoja tu wa kutoka China, ila alikuwa keshapandwa na madume kadhaa na mbegu zao kazihifadhi mwilini, yaani kasafiri na waume zake wote bila nauli! Leo wako Hispania, Ureno, Italia, Ujerumani mpaka Uingereza, wanadaka nyuki mlangoni mwa mzinga. Hasara ipo sikatai, yai lililorutubishwa likipata jeni mbili za jinsia zinazofanana linatoa dume la bure lisilo na kazi, na madume hayo Ufaransa yameonekana. Kwani yamewazuia?

Halafu kuna chungu wa Argentina, hao ndo wananimaliza. Kwao koloni mbili zikikutana ni vita. California wamefika na jeni kiduchu, harufu za miili zikafanana, kila mmoja anamwona mwenzie ndugu, basi hawapigani, nguvu yote inaenda kwenye kuzaa na kufukuza chungu wenyeji. Kusini mwa Ulaya ukoo mmoja umetanda km 6000 hivi, toka Italia hadi pwani ya Atlantiki. Na wewe unasubiri wadhoofike.

"Nimeua malkia." Yupi? Vichwa vikubwa wana malkia kibao kwenye koloni moja, wengine wanahama kwa miguu na vibarua wao wanaanzisha kiota pembeni.

"Chungu wote ni wa kupigwa dawa." Hapana bwana, majimoto, wale chungu wanaoshona majani kuwa kiota, wanakulindia nazi na korosho dhidi ya kunguni wa mimea, ukiwamaliza umewafungulia mlango vichwa vikubwa.

"Ni vidudu tu." Waulize Laikipia, Kenya. Vichwa vikubwa wamewaondoa chungu wanaolinda migunga, tembo wakaivunja, simba wakakosa pa kujificha wakiwinda pundamilia, siku hizi wanahangaika na nyati.

Mimi ushauri wangu ni uleule kila siku, gonga mfuko wa mche kabla hujalipa, chungu wakitoka mwachie muuzaji mche wake.