V-mbili na nne-mstari: tunayosema kijiweni na yaliyomo ndani ya injini

"V-mbili ina torki, nne-mstari ina spidi." Kaa robo saa na wapenzi wa pikipiki za michezo, lazima mtu aseme hivyo na wengine waitikie kwa vichwa. Torki ni nguvu ya kuzungusha ya injini, ile unayoihisi inakuvuta, na hupimwa kwa newton-mita (Nm). V-mbili ni ile ya silinda mbili zilizopanuka kama herufi V, ambayo Ducati waliipa umaarufu. Nne-mstari ni ile ya silinda nne zilizopangwa sambamba, ya akina Yamaha R1, Suzuki GSX-R na Honda CBR.

Sasa tuchukue namba. Ducati 1199 Panigale ya 2012, V-mbili ya cc 1198, kiwanda kiliitajia torki ya Nm 132. BMW S1000RR ya mwaka huohuo, nne-mstari ya cc 999, ilitajiwa Nm 112. Ducati kashinda? Gawanya kwa ujazo kwanza. Ducati inatoa kama Nm 110 kwa kila lita, na BMW kama Nm 112. Yaani tofauti yote tunayoisifia imetoka kwenye zile cc 200 za ziada, wala haikutoka kwenye umbo la V. Torki huzaliwa na hewa na mafuta yanayoingia kwenye silinda na kuungua vizuri, na silinda haijui ina wenzake wangapi.

Nadhani kinachowapotosha wengi ni kulinganisha Suzuki SV650, ambayo ni V-mbili, na Yamaha R6, ambayo ni nne-mstari. SV650 inavuta tangu chini, R6 imelala mpaka uipandishe, basi hukumu inatolewa: ni V hiyo! Lakini SV650 ilitengenezwa kwa ajili ya barabara, na vali na kamshafti zake (mihimili inayofungua vali) zimepangwa kwa mizunguko ya kati. R6 ilijengwa kwa mbio, nguvu yake iko juu kabisa, zaidi ya mizunguko 14,000 kwa dakika. Ipangie nne-mstari kamshafti za kistaarabu nayo itavuta kutoka chini. Na kinyume chake kipo pia. Hiyo 1199, V-mbili halisi, wengi walioiendesha walilalamika kwamba katikati imelegea, kwa sababu pistoni zake zilikuwa pana mno (milimita 112) na mwendo wake mfupi ili ipande mizunguko. Ducati walirudi na 1299, yenye ujazo mkubwa zaidi.

Dhana inayonikera zaidi ni ile ya mbio: kwamba V-mbili ilitawala Superbike ya Dunia, ubingwa wa mbio za pikipiki zinazotokana na za barabarani, kwa sababu ni injini bora. Ni kweli kwamba kuanzia 1990 hadi 2002, misimu 13, V-mbili zilitwaa ubingwa mara 11. Raymond Roche, Doug Polen, Carl Fogarty mara nne, Troy Corser, Troy Bayliss, wote juu ya Ducati. Kisichosemwa ni kanuni. Kwa miaka yote hiyo pikipiki ya silinda nne iliruhusiwa cc 750, ya silinda mbili cc 1000. Hiyo ni theluthi nzima ya ujazo wa ziada! Ndiyo maana ubingwa wa Scott Russell wa 1993, kwa Kawasaki nne-mstari ya 750, mimi nauona mzito kuliko unavyoonekana kwenye orodha.

Honda ndio walioisoma kanuni kwa makini. Baada ya miaka ya kuhangaika na pikipiki za 750, walitengeneza V-mbili yao wenyewe, VTR1000 SP-1, na Colin Edwards akachukua ubingwa 2000, kisha 2002 kwa toleo lililofuata. Kampuni iliyojenga jina lake kwa silinda nne haikubadili dini, ilihesabu tu. Mwaka 2003 ujazo ukasawazishwa, 1000 kwa wote. Mashabiki wa Ducati hapa hukumbusha kwamba Bayliss alishinda 2006 na Ducati 999 bila cc za ziada, na wana haki. Lakini kufikia 2008 silinda mbili zilikuwa zimeongezewa tena, safari hii hadi 1200. Carlos Checa alitwaa ubingwa kwa V-mbili mwaka 2011, na hakuna V-mbili nyingine iliyoufikia tangu hapo.

"Nne-mstari inapiga kelele juu huko, itakufa mapema." Sikio linaogopa mizunguko, ila kinachoisumbua pistoni zaidi ni kasi yake ndani ya silinda. Pistoni ya 1199 husafiri milimita 60.8 kila upande, na nguvu ya juu hutoka kwenye mizunguko 10,750: wastani wa mita 21.8 kwa sekunde. Ile ya S1000RR husafiri milimita 49.7, nguvu kwenye mizunguko 13,000: mita 21.5. Moja inanguruma, nyingine inapiga yowe, lakini pistoni zinakimbia sawasawa.

Kuhusu mtetemo, sifa mbaya ya V-mbili inatokana na Harley-Davidson, ambayo silinda zake zimepanuka kwa nyuzi 45. V ya nyuzi 90 ni habari nyingine: pistoni moja inaposimama juu, nyenzake iko katikati ya safari, na uzito wa kusawazisha kwenye krenkishafti, au krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, unazihudumia zote mbili. Mtikisiko mkubwa unafutika. Nne-mstari nayo hufuta mtikisiko huo, lakini hubakiwa na mdogo wenye kasi mara mbili ya krenki, ule unaokufanya ushuke safari ndefu vidole vimekufa ganzi.

V-mbili ni nyembamba, hilo kweli. Ni nyepesi? Si lazima. R1 ya 1998 ilikuwa kilo 177 bila mafuta; SP-1 ilikaribia 200. V inahitaji vichwa viwili vilivyotengana, na silinda ya mbele inalala kuelekea tairi, hivyo fremu nzima inabidi izungushwe kuifuata.

Eti silinda mbili matengenezo ni nafuu? Muulize aliyewahi kulipia huduma ya vali za desmo, ambazo hufungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi. Ducati wenyewe wameiacha desmo kwenye Panigale V2 mpya ya cc 890.

Limebaki suala la mlio, ambalo watu huapa kwamba haudanganyi. Unadanganya. Yamaha R7 ina silinda mbili zilizosimama sambamba, lakini krenki yake ya nyuzi 270 huzilipua kwa mpishano uleule wa V ya nyuzi 90. Ukifumba macho utasema ni V. R1 tangu 2009 hulipua kwa kupishana nyuzi 270, 180, 90, 180 za krenki, ingawa ni nne-mstari kamili. Na Ducati, walioifanya V-mbili iimbwe, mwaka 2018 waliipa Panigale kubwa silinda nne, kisha wakazipanga zilipuke wawiliwawili, ili ukiisikia inakuja udhani bado ni mbili.